Mifupa ya Okech

Adoyo alikuwa akitafuta mwanya. Aliinama mbele ya fuvu, akayatazama meno yake, akatema mate kwenye leso, akahamia fuvu lililofuata. Meno yaliyobanana hakuwa na haja nayo. Mume wake Okech alikuwa na mwanya wa mbele unaopitisha njiti ya kiberiti.

"Mama Favour, tutoke," Roza alimnong'oneza, pua ameiziba kwa khanga. "Mimi nilikuja hija, sikuja buchani."

Roza, mwenyeji wa Nansio, hakukosea. Kanisa lote, kuta hata nguzo, lilikuwa limepambwa kwa mifupa ya watu. Mifupa ya mapaja imepangwa kama kuni, mafuvu yamechomekwa katikati kama mayai kwenye trei. Parokia yao ya Mwanza ilipopanga kupita Ureno, mahujaji waliambiwa wataona kanisa maarufu ambalo dunia nzima huenda kulitazama. Hakuna aliyewaambia kwamba linanuka kaburi.

Na dunia nzima kweli ilikuwepo. Msichana mmoja alilamba aiskrimu chini ya taya la marehemu wa watu. Kijana mwingine alitoa ulimi kando ya fuvu ili apigwe picha. Adoyo alitamani kumzaba kofi. Kwao Rorya hata mbwa akifa hufukiwa.

Lakini hakutoka. Okech alikwenda Ulaya kutafuta maisha, simu yake ikanyamaza, miaka ikapita. Wazee wa ukoo wakafanya kama Wajaluo wafanyavyo maiti isipopatikana: walichuma tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama mwichi, wakalifunga kwenye shati lake, wakalizika uani. Adoyo akalia, akanyolewa, akaitwa mjane.

Moyo wake ulikataa. Tunda ni tunda. Mhoja, seremala wa Misungwi, mtu mpole mwenye subira ya ajabu, alimwomba waoane, naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Nikishamwona marehemu kwa macho yangu. Kabla ya hapo mimi ni mke wa mtu."

Ndipo Nestory, kijana wa Kisesa aliyekuwa akibeba mizigo huko Ureno, alipompigia simu.

"Shemeji, Okech nimemkuta. Yuko kwenye lile kanisa la mifupa."

Adoyo alipouliza zaidi, kijana akaanza kulia. "Mengine usiniulize. Ukijaliwa kufika, kaone mwenyewe." Tangu siku hiyo hakupokea simu tena. Roza alipohadithiwa alisema lisemwalo lipo, na mifupa haiwezi kukosa mwenyewe.

Mlangoni Adoyo alikuwa amemtajia jina la Okech mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akiuza tiketi, ambaye alikuwa amempakata mtoto mwenye nywele za kipilipili. Mwanamke yule alifurahi. Alitabasamu mpaka ufizi ukaonekana, akanyoosha kidole kule mwisho, nyuma ya altare.

"Yule mama kanichefua," Adoyo alisema sasa. "Mtu gani anachekelea akikuonyesha maiti ya mumeo? Na mtoto mdogo vile, anamleaje kwenye makaburi?"

"Amezoea," Roza akajibu. "Hata sisi pale mwaloni, nani kati yetu bado anasikia harufu ya dagaa?"

Adoyo akajikaza kisabuni, akasogea mbele. Hakuwa mwoga wa wafu. Aliwahi kuosha maiti za mama yake na dada yake, na hakutetemeka. Mifupa yenyewe haikumtisha. Aliogopa kwamba atamkuta Okech amebandikwa ukutani kama pambo, na kwamba badala ya kumlilia atamwonea kinyaa.

Nyuma ya altare palikuwa na kichumba kidogo chenye mwanga hafifu. Mtu mmoja mnene, aliyevaa ovaroli, alikuwa amewapa mgongo. Ana ndoo ya maji na kitambaa, anafuta mafuvu moja baada ya jingine huku akipiga mbinja, kama mtu anayeosha vyombo baada ya kushiba.

"Ee Mungu wangu," Roza aliguna. "Anawasugua kama sufuria!"

Mtu yule aliposikia Kiswahili aligeuka. Kitambaa kikamponyoka.

"Nyar Kowak?"

Binti wa Kowak. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Adoyo kwa jina la kijiji alikozaliwa, tena chumbani. Roza alijishika mdomo. Yule mtoto wa mlangoni akaja mbio kati ya watalii, akamkumbatia Okech mguu, naye akamwekea mkono kichwani bila hata kufikiri.

"Nisikilize kwanza," Okech alisema, akinyoosha mkono uliolowa maji ya mafuvu.

Mifupa yote ya kanisa lile haikuwa imemtia Adoyo kinyaa kama mkono ule wenye nyama na damu. Alikusanya khanga yake isimguse, akapita kati ya watalii, hakugeuka nyuma.

Nje, juani, akapiga simu Misungwi.

"Mhoja," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "marehemu nimemwona kwa macho yangu. Peleka posa."