Bendi Bila Kombo

Kinyozi Kombo aliweka albamu mpya ya bendi iliyomtema, akapandisha sauti, akasubiri kwa hamu kumsikia binti aliyerithi nafasi yake ya gitaa akiboronga.

Binti hakuboronga. Gitaa lilimlilia kuliko lilivyowahi kumlilia Kombo.

"Anajua, mume wangu," alisema mkewe, akifagia nywele za wateja.

"Anajua nini? Anakwaruza tu."

Ukafika wimbo wa zamani, waliourekodi upya. Enzi zake, kila mara kabla ya kiitikio, Kombo alikuwa akifuta jasho la kiganja kwenye suruali, akachelewa kuingia, na wenzake wakamgombeza mpaka wakachoka. Sasa binti naye akachelewa, vilevile kabisa, na bendi nzima ikamngoja.

"Hata kosa langu!" Kombo akafoka. "Hata kosa langu wamempa, tena wanamngoja!"

"Basi zima, roho yako itulie."

Hakuzima. Aliurudisha wimbo mwanzo, akasimama katikati ya nywele zilizofagiliwa, na kiitikio kilipokaribia, kiganja chake kikashuka chenyewe kwenye suruali, kikajifuta.