Alama Chini ya Kabureta

Moshi mweusi ulitoka kwenye ekzosi, ukaruka ukuta, ukatua kwenye mashuka meupe ya jirani.

"Tena?" akasema fundi.

Mtaani walimwita Fundi Pua, maana ugonjwa wa injini aliujua kwa kuunusa. Huu haukuhitaji hata pua. Plagi zilitoka zimejaa masizi kama sufuria ya kuni. Gari lilikuwa linakunywa petroli kupita kiasi, na juzi tu alikuwa amelitibu likapona.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la mashindano, la kijani, viti viwili na paa la turubai, karibu umri sawa na ndoa ya wenyewe. Mzee alilipenda mno. Mkewe alisema huyo ni mke mwenza, tena asiyejua kupika. Mbele ya watoto na wakwe alikuwa ametamka kwamba gari liuzwe, na mama huyo tangu aolewe hajawahi kurudisha neno lake nyuma. Mzee akanywea. Kesho daktari wa meno angekuja kulichukua, mradi lisitoe moshi.

Fundi akajaribu choki, haikukwama. Boya halikutoboka. Sindano ilikuwa nzima. Mwisho akapeleka vidole chini ya kabureta, kwenye nati ndogo inayopima petroli. Ilikuwa imeshushwa, petroli ikawa inamwagika kupita kipimo, na nati ile haishuki yenyewe.

Akamtazama mzee. Mzee akatazama mawingu.

"Mzee wangu, umeichezea."

"Naapa sijaigusa," akasema mzee, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata habari njema msibani.

Mama, aliyemshikia fundi tochi kama siku zote, akaguna. "Ni kile kile kidude? Basi kitie alama, fundi. Kuna watu wazima humu hawaaminiki."

Fundi akaipandisha nati, injini ikanguruma kwa adabu. Akaomba rangi ya kucha. Mama akamletea chupa yake, nyekundu kama kucha zake mwenyewe, na fundi akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye kabureta. Nati ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Kisha chupa akaitia mfukoni, mtu asije akapaka upya.

"Sasa tutajuana," akamwambia mzee.

Jioni wenye gari wakaenda matembezi ya mwisho, paa wazi. Mama alilalamikia upepo njia nzima. Majirani walimsikia akipita analalamika, wakamsikia tena gari lilipozunguka mtaa mara ya pili, na ya tatu.

Asubuhi, fundi akiwepo, daktari wa meno akafika na suruali nyeupe. Mama alimpokea kwa heshima zote, gauni la kutokea, kucha mpya za zambarau, akalisifia gari mpaka mzee akaenda kusimama peke yake ukutani.

"Washa, baba watoto," mama akaagiza.

Mzee akawasha, na suruali ya mgeni ikageuka kijivu kuanzia magotini kushuka chini. Daktari alisema kwa upole kwamba atafikiria, akaondoka kwa hatua ndefu za mtu asiyefikiria chochote.

Mama akaja juu. Aibu gani hii, akauliza, na watoto wataambiwa nini? Alipomwona fundi anatafuta tochi, sauti ikashuka. Alimwambia aachane nayo, gari limezeeka tu, na wote tunazeeka.

"Hapana, achungulie," akasema mzee. "Nimeapa mimi. Fundi, ukikuta mstari umekatika, mwite daktari arudi alichukue bure."

Fundi alikuwa na hakika ya atakachokiona. Hata maneno ya kumsuta mzee alishayapanga kichwani. Akaingiza kioo kidogo chini ya kabureta, akamulika.

Mstari haukukatika popote. Ulinyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye kabureta, umekauka vizuri, umechorwa na mkono uliotulia kuliko wake, na rangi yake ilikuwa zambarau.