Ukuta wa Mwanhale

Kila wilaya ilikuwa na nchi yake mfadhili, na kila mfadhili alikinga watu na balaa lililowahi kulikumba taifa lake. Wilaya ya kijiji cha Mwanhale iliangukia nchi iliyowahi kumezwa na bahari. Basi kijiji kikazungushiwa ukuta wa kuzuia mafuriko, ilhali kisima chake hakikuwa kimetoa hata tone tangu mwaka juzi.

King'ora cha mazoezi ya kukimbia mafuriko kilipolia, Nyanzobe alivaa jaketi la kuelea kama wenzake, akapanda ukutani na ndoo mbili.

"Mama, ndoo za nini?" mtaalamu wa kigeni akamuuliza kwa upole. "Kwetu maji yaliua mji mzima."

"Poleni sana, mwanangu. Sisi tunayasubiri."

Mtaalamu alitaka kucheka, lakini wanawake wengine walikuwa wameshaanza kushuka mbio, kufuata ndoo zao.