Alisimama Mara Mbili

Alida alisimama mara mbili, na darasa zima likacheka.

Hayo alimweleza mama yake baada ya kuvua sare na kuitundika msumarini. Aliyaeleza mwishoni kabisa, baada ya hesabu za kutoa kwa kuazima, baada ya majina ya maziwa, kana kwamba nalo ni somo kama mengine ya muhula ule.

"Walipoambiwa Wahutu wasimame, nilisimama na Umuhoza, kwa sababu tunakaa benchi moja. Walipoambiwa Watutsi, nikasimama tena, kwa sababu walikuwa watatu tu. Niliwaonea huruma."

Nyirahabimana alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nani aliwaambia msimame?"

"Mwalimu. Kulikuwa na bwana mwenye koti amekaa nyuma, mkaguzi mpya. Anataka kujua tuko wangapi wa huku na wangapi wa huku."

"Na wewe Mwalimu akakuambia nini?"

"Kwanza alinyamaza. Halafu akaniambia kama anavyowaambia wote wasiojua. Nenda nyumbani kamwulize baba yako, kesho uje na jibu. Hapo ndipo walipocheka zaidi."

"Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Ndiyo. Lakini hakuniangalia."

Nyirahabimana akaweka ungo chini.

Ndani ya nyumba ile, neno ambalo mkaguzi alilitaka halikuwa limewahi kutamkwa mbele ya mtoto. Oktoba ya mwaka uliopita, vita vilipoanza kaskazini, Libère, baba mdogo wa Alida, alichukuliwa kutoka gereji yake ya Gikondo kwa ajili ya neno hilo hilo, lililokuwa limeandikwa katika kitambulisho chake. Mpaka leo hakuna aliyewaambia walimpeleka wapi. Basi wazazi wakapatana kwamba Alida akue kidogo bila kulijua.

Nyirahabimana mwenyewe alikuwa Mhutu. Lakini jambo hilo mtoto hulipata kwa baba, si kwa mama. Angeweza kumwazima Alida kitenge chake, viatu vyake, hata damu yake hospitalini. Hilo hakuweza kumwazima.

"Mama, nisimame mara ya kwanza au ya pili?"

"Ngoja baba yako aje."

Mama Zaina, jirani yao, akapita uani kuomba kaa la moto. Alipoyasikia, alichutama karibu na jiko akasahau alichokuja kutafuta.

"Mtie homa," akanong'ona. "Mfunike blanketi, useme ni malaria."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa malaria haijapona. Kwani wewe hujawahi kuugua malaria?"

Nyirahabimana nusura acheke. Kisha akaiziba midomo kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu si angemhesabu popote tu?" Mama Zaina akasema. "Kalamu iko mkononi mwake."

"Na mkaguzi yuko mgongoni mwake. Mtaa mzima wa Rwezamenyo unatujua, Mama Zaina. Wakigundua amedanganya kwa ajili ya Alida, watamfuata yeye kwanza."

"Na akisema kweli?"

Nyirahabimana akauchukua tena ungo. Mama Zaina akatikisa kichwa polepole.

"Masikini Baba Alida. Atamwambia nini mtoto huyu?"

"Hajui. Ndiyo maana mpaka sasa hajarudi."

Jirani alipoondoka, Nyirahabimana akachukua rozari yake, akapiga magoti pembeni mwa kitanda. Kwanza alimwomba Mungu gari la mkaguzi lisiwake asubuhi. Akaona aibu kumsumbua Mungu kwa gari. Akaomba basi apewe uongo mmoja usio dhambi. Akaona aibu zaidi. Mwishowe akabaki na "Salamu Maria" peke yake, akiirudia kama mtu anayegonga mlango bila kujua atasema nini ukifunguliwa.

Kengele ya jioni ikalia parokiani. Siku zote mumewe, Cassien, alikuwa nyumbani kabla ya kengele hiyo, na siku zote aliingia akipiga mluzi.

Leo alikuja baada yake, kimya, viatu vimejaa vumbi kama vya mtu aliyezunguka vilima vyote vya Kigali akitafuta njia isiyofika kwake. Hakuwasalimu. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akayatazama magoti yake. Nyirahabimana akamletea beseni la maji ya kunawa, kama kila jioni, akaliweka mbele yake. Hakujua amshike bega au amwache. Akamwacha.

Alida akainuka kutoka mkekani. Akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, kama wanavyosimama watoto wa shule wakitaka kujibu.

"Baba, Mwalimu amesema nikuulize wewe. Kesho nisimame mara ya kwanza au ya pili?"

Cassien akatumbukiza mikono ndani ya beseni na kuiacha humo. Taratibu maji yakawa meupe kwa chaki.

Alida akaendelea kungoja. Hakuongeza neno, kwa maana muhula ule somo la kwanza kabisa alikuwa amelishika vizuri: darasani asimwite Baba, na nyumbani asimwite Mwalimu.