Jembe la Balozi

Kwa mkataba mpya, kila nyumba kisiwani ilipokea balozi mmoja wa chuma kutoka Nchi Kubwa ya ng'ambo. Wa Bi Mwanakheri alikuwa mpole, hakula wala hakulala, na mwenyeji wake alishinda akimchungulia. Huyu anataka nini hasa?

Siku ya tatu Bi Mwanakheri akampa jembe, kama mila inavyotaka.

“Mwenye haya ataelewa,” alimnong'oneza mumewe, Faki.

Balozi alishukuru kwa adabu, akatoka uani, akaanza kuchimba.

“Ama kweli! Mgeni analima,” Faki akacheka.

“Halimi, Baba Siti. Tazama zile kona. Ule ni msingi wa nyumba.”

Kutoka kila ua wa jirani, majembe yalikuwa yakilia.