Ujumbe Usiofunguliwa

"Muda wa kutoa taarifa unaanza pale bosi anapojua kwamba siri za wateja zimeibwa," mkufunzi wa sheria za usalama wa mtandao aliwaambia wakurugenzi na mawakili ukumbini. "Akijua akanyamaza, ni jela."

Bi. Zamaradi, mwenye hospitali binafsi, aliitupia jicho simu yake mezani. Ujumbe wa fundi wake wa kompyuta ulikuwa umechungulia kwenye kioo: "Mama, wameingia kwenye mafaili ya wagonjwa. Nipe ruhusa nizime..." Yaliyobaki yalikuwa ndani.

Wakili wake, Mbaruku, aliifunika simu kwa kiganja. "Usifungue, Mama," alinong'ona. "Hujasoma, hujui."

Simu ikatetemeka chini ya kiganja chake. Ikatetemeka tena. Bi. Zamaradi alishindwa kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama ujumbe umefika, lakini mtu hajaufungua?"

Mkufunzi alimtazama. "Kwa nini hajaufungua, Mama?"

Ukumbi mzima uligeuka. Mbaruku akaondoa mkono haraka, kana kwamba simu imemuunguza. Ikabaki peke yake mezani, ikitetemeka, ikijisogeza taratibu kuelekea ukingoni.