Mabati ya Nusu Bei

Baada ya moto wa msituni kuteketeza nyumba saba, mji ulitangaza kuwa anayeng'oa paa la nyasi atalipiwa nusu ya bei ya mabati. Nyamizi akajiandikisha. Mumewe Kasanda, ambaye masikio yake yalikuwa karibu hayasikii kitu, alinuna wiki nzima. Paa lile aliliezeka mwenyewe mwaka waliooana.

"Hayo mabati yana uzuri gani?"

"Hayaungui, Baba Limi!" Nyamizi alimpigia kelele sikioni.

Siku ya tatu baada ya mabati kupigiliwa, wakiwa mezani, madirisha yamefungwa, paa jipya likaanza kunguruma. Nyamizi akaziba masikio. Kasanda akabaki na tonge mkononi.

"Mama Limi," alinong'ona, "hiyo si mvua?"

Nyamizi akaitikia kwa kichwa, lakini mumewe alikuwa ameshafumba macho, anaisikiliza.